Kabla ya kuchapa kijitabu cha miaka hamsini, okoeni sanduku la chini ya jukwaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa vikundi vya maigizo katika miji yetu midogo, hasa vile vinavyojiandaa kusherehekea miaka thelathini, arobaini au hamsini. Kila sherehe ya namna hiyo huja na kijitabu. Ukikifungua unakuta salamu za mgeni rasmi, orodha ya wenyeviti tangu kuanzishwa, majina ya michezo kumi au kumi na mitano iliyovuma, na picha ya waanzilishi wamesimama safu mbili. Ukikifunga, bado hujui watu wangapi walikaa ukumbini, jukwaa lilielekea wapi, kiingilio kilikuwa kiasi gani, mchezo upi ulizuiwa na nani, wala kwa nini kikundi kilinyamaza miaka minne kisha kikaibuka tena. Mambo hayo yamo katika sanduku lililosukumwa chini ya jukwaa au nyuma ya kabati la maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na kila masika inayopita inalipunguza. Ombi langu ni moja: fedha na nguvu za sherehe ziende kwanza kwenye sanduku hilo, kijitabu kifuate.

Msilimwage sakafuni. Kabla ya kugusa chochote, lipigeni picha kama lilivyo, kisha toeni vitu kwa mpangilio vilivyokutwa nao na kuvipa namba. Programu ya onyesho isiyo na mwaka ikikutwa kati ya risiti mbili zenye tarehe, risiti hizo ndizo ushahidi wake. Ukishazichanganya, ushahidi umekwenda na haurudi. Namba iandikwe kwa penseli laini, 2B inafaa, kwenye kona ya nyuma. Wino wa kalamu hupenya karatasi, na kwenye picha hutokeza upande wa uso.

Kisha tumieni pua. Harufu kali ya siki maana yake kuna filamu au negativi za aseteti, aina ya plastiki ya filamu, zinazooza. Asidi inayotoka humo huharakisha kuoza kwa filamu zilizo jirani, kwa hiyo zitengeni siku hiyo hiyo, ziwekeni mahali penye ubaridi na hewa, na ziwe za kwanza kunakiliwa. Harufu ya uvundo ni kuvu. Unyevu wa hewani ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, kuvu huota, na miji ya pwani na ya kando ya ziwa hupita kiwango hicho bila taabu. Karatasi yenye kuvu haifutwi kwa kitambaa kibichi, kwani unaisugua iingie ndani. Iacheni ikauke kivulini penye upepo, kisha mtu aliyevaa barakoa aipanguse nje kwa brashi laini. Ikiwa kuna wadudu, fungeni karatasi ndani ya mifuko miwili ya nailoni, zikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na zikitoka mifuko isifunguliwe kwa saa 24. Ukifungua mapema, mvuke wa chumbani unagandamia kwenye karatasi baridi na kuilowesha.

Pini na klipu zenye kutu zitolewe kwa kunyoosha miguu yake kwa nyuma, si kwa kuvuta. Selotepu isiguse kitu. Gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Hata kulaminati, jambo ambalo watu hulifanya kwa nia njema kabisa, ni kuiua karatasi, maana joto na plastiki havitoki tena. Kaseti za mazoezi zivunjwe vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, na zihifadhiwe zikiwa zimesimama. Kabati la chuma ni bora kuliko la mbao, rafu ya chini iwe juu ya sakafu angalau sentimita 15, kwa ajili ya mafuriko na kwa ajili ya mchwa. Kwa kunakili, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karatasi na 600 kwa picha. Nakala ziwe tatu, na moja isikae mji huo.

Hapo ndipo kazi ya kusoma inapoanza, na kosa la kwanza huwa kwenye tarehe. Programu nyingi huandika siku na tarehe bila mwaka, kwa kuwa aliyeichapa aliwaandikia watu wa wiki ile. Siku ya juma ndiyo inayotuokoa. Chukua programu inayosema "Jumapili, Oktoba 2". Kati ya 1955 na 1994, Oktoba 2 iliangukia Jumapili mwaka 1955, 1960, 1966, 1977, 1983, 1988 na 1994 tu. Miaka arobaini imekuwa saba. Sasa tazama mengine. Ikiwa imeandikwa Tanganyika badala ya Tanzania, yaelekea haivuki 1964. Ikiwa anwani inasema Fort Hall na si Murang'a, umerudi karibu na enzi ya ukoloni. Pitisha kidole nyuma ya karatasi: herufi za madini ya risasi za mtambo wa kuchapia huacha mbonyeo unaosikika, stensili huacha wino uliotapakaa kidogo kwenye karatasi yenye kunyonya, fotokopi haiachi mbonyeo wowote. Hesabu tarakimu za namba ya simu ya duka lililotoa tangazo. Bei ya shilingi peke yake haisaidii sana, kwani nchi zetu tatu zilipoanza kutoa fedha zake mwaka 1966 jina lilibaki shilingi. Mara nyingi miaka saba hubaki miwili, na kitabu cha mapato kinamaliza ubishi.

Sikuchagua Oktoba 2 kwa kubahatisha. Jumapili, Oktoba 2, 1977, ndiyo siku ulipofunguliwa mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, katika kituo cha jamii cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Naurejea kwa sababu unaonyesha karibu kila mtego ambao mwandishi wa historia ya kikundi cha mji mdogo anaweza kuuingia.

Mtego mmoja ni jengo. Ukumbi ule wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000 haukuchorwa na ofisi ya wasanifu. Wanakijiji waliupanga kwanza kwa njiti za kiberiti chini ardhini, wakatengeneza kielelezo kidogo, ndipo wakajenga. Anayetafuta ramani ya jengo katika masjala ya mipango miji hataipata, na akihitimisha kwamba ukumbi ulijengwa bila mpango atakuwa amewadhulumu. Kumbi nyingi za vikundi vyetu zimejengwa hivyo hivyo, kwa kamba, vigingi na hatua za miguu. Dawa yake ni kuwapeleka wazee kwenye kiwanja chenyewe na utepe wa kupimia wa mita 30, wachomeke vigingi pale ukuta ulipokuwa, pale mlango ulipokuwa, pale ilipowekwa jenereta, kisha pimeni na mchore.

Mtego mwingine ni hati ya mchezo. Mazoezi ya Kamĩrĩĩthũ yalifanyika hadharani, na watu waliokuja kutazama wakarekebisha maneno, nyimbo na namna ya kucheza. Katika hali hiyo hakuna "hati halisi" moja. Kila nakala ni hatua. Kamati zetu zina desturi ya kuhifadhi nakala iliyochapwa safi na kutupa zile chafu zenye mistari ya penseli. Fanyeni kinyume. Nakala chafu, hasa ile aliyoishika mtu wa kuwakumbusha waigizaji maneno pembeni mwa jukwaa, ndiyo inayoeleza kilichochezwa: mistari iliyokatwa, wimbo uliosogezwa, alama ya kuzima taa, dakika za kila onyesho pembeni.

Na nakala hizo zina mtego wao ambao hautajwi kabisa. Kulia na kushoto, zote mbili, zinaanza na "ku". Aliyekuwa na haraka aliandika "aingie k." na akaelewa mwenyewe. Wengine walikwepa kwa kutumia L na R za Kiingereza, wengine kwa kutaja kitu: "upande wa mwembe", "upande wa ofisi". Juu ya hayo, kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa mwigizaji anayewatazama watu, si kushoto kwa mtazamaji. Msichore jukwaa kutokana na ukurasa mmoja. Tafuteni mahali ambapo mtu anatoka na kurudi na kitu ambacho mnajua kilikaa upande gani, kama mlango wa nyumba ya jukwaani au kiti cha mfalme. Mkishaupata upande mmoja kwa hakika, kurasa zote zinafunguka.

Picha nazo zikaguliwe kabla ya kuaminiwa. Negativi ikiwekwa upande wa nyuma mbele, picha hutoka imegeuzwa, kushoto kukawa kulia. Kwetu tuna kipimo kizuri kuliko vifungo vya shati: kanga. Maandishi ya kanga yakisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Kanga ya kumbukumbu yenye mwaka inakupa pia mpaka wa chini, kwani picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Lakini msitambue mchezo kwa maleba. Kanzu moja yenye kiraka begani inaweza kuwa ya kadhi mwaka huu, ya mganga mwaka ujao, na ya mzimu mwaka unaofuata. Tumieni kiraka hicho kwa kazi nyingine, kupanga picha zipi ni za kabla ya kuchanika na zipi ni za baada. Picha ambayo kila mtu anaitazama kamera, taa imeenea sawasawa na hakuna vichwa vya watazamaji kwa mbele, huenda ilipigwa siku ya mazoezi ya mwisho. Iandikwe hivyo, isiitwe picha ya onyesho.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi. Vijitabu vyetu huhesabu kila tangazo kuwa onyesho. Gazeti limeandika Alhamisi kwamba Jumamosi kutakuwa na mchezo, basi mchezo umeingia kwenye orodha. Mvua, umeme, msiba, mwigizaji mkuu kukamatwa na homa, kibali kukosekana, hayo yote hutokea kati ya Alhamisi na Jumamosi. Takeni ushahidi mmoja wa baada ya siku yenyewe: risiti, habari ya gazeti la wiki iliyofuata, barua ya shukrani, hesabu ya mlangoni. Februari 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilikusudia kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Jumba la Kitaifa la Maonyesho jijini Nairobi, na hawakuruhusiwa. Anayefuata matangazo ataandika kwamba ulionyeshwa. Anayefuata rekodi za jumba ataandika kwamba hakuna aliyeuona. Wote wawili watakosea, kwa kuwa maelfu ya watu waliutazama katika mazoezi ya wazi chuo kikuu kabla hayajasimamishwa. Orodha nzuri ya michezo ina safu tatu tofauti: ilitangazwa, ilifanyiwa mazoezi mbele ya watu, ilionyeshwa.

Kuhusu vibali, wengi hutafuta faili zenye neno "utamaduni" na kurudi mikono mitupu. Kibali cha Kamĩrĩĩthũ kilipoondolewa Novemba 16, 1977, kilichofutwa na mkuu wa wilaya ya Kiambu kilikuwa ruhusa ya watu kukusanyika. Maana yake barua za historia ya maigizo zinaweza kukaa katika faili za mikutano ya hadhara, usalama, ukumbi wa halmashauri, elimu ya watu wazima, hata afya ya jamii. Nendeni katika Nyaraka za Taifa mkiwa na jina la wilaya kama lilivyokuwa wakati ule na mipaka yake ya wakati ule. Faili za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo sehemu kubwa ya miaka ya sabini na themanini inasomeka leo. Nakilini namba ya faili na namba ya ukurasa kwenye kila picha mnayopiga. Picha isiyo na namba ya faili baada ya mwezi mmoja haina kazi. Na pale ambapo jengo lenyewe halipo, kama ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ uliobomolewa na polisi Machi 12, 1982, karatasi za ofisi iliyoubomoa huwa miongoni mwa mashahidi wachache waliobaki.

Kuna pia maigizo ambayo hayakuwa na hati tangu mwanzo. Mradi wa Malya, mkoani Mwanza, wa 1982 hadi 1983, ambao Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walishiriki kuuongoza, ulifuata njia ya kukaa na wanakijiji, kukusanya matatizo yao, kuyachambua nao, kutunga pamoja, kuonyesha, kisha kujadili. Katika njia hiyo majadiliano baada ya ngoma na igizo ni sehemu ya kazi yenyewe. Kikundi chenu kama kilifanya maigizo ya maji, ya malaria au ya ukeketaji kwa mtindo huo, ripoti za shirika lililogharamia na daftari la mwezeshaji ndizo hati zenu. Ziombeni mapema, maana mradi ukiisha ofisi hufungwa na makabati huuzwa na vilivyomo.

Hesabu za mlangoni zinastahili subira. Toa namba ya tiketi ya kwanza iliyouzwa kwenye namba ya mwisho, ongeza moja, hapo una tiketi zilizotoka. Gawanya mapato kwa bei, hapo una zilizolipiwa. Tofauti ni wageni wa bure, watoto wa nusu bei au wizi, na mkono wa mtunza hazina mara nyingi huonyesha ni kipi. Msizidishe viti kwa idadi ya usiku mkapata "watazamaji 9,000". Usiku wa kwanza na wa mwisho hujaa, wa katikati hulegea, na usiku wa mvua kubwa unaweza kuwa na watu ishirini. Vishina vya tiketi vinavyoonekana takataka ndivyo vinavyosema hayo, basi msivichome.

Wazee waulizwe wangali hai, lakini waulizwe vizuri. "Ilikuwa mwaka gani?" ni swali baya, humlazimisha mtu kukisia kisha kukishikilia alichokisia. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, la Februari 1967? Mzee Kenyatta alikuwa hai? Vijana walikuwa wamekwenda vita vya Kagera? Ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997? Peleka picha tatu au nne, si albamu nzima. Zima feni, weka kinasa sauti sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, usizidishe saa moja na nusu. Mwanzoni mwa kinasa taja tarehe, mahali na jina la anayezungumza, na upate ridhaa yake kwa maandishi, ikiwemo sehemu anazotaka zifungwe kwa muda. Usimhoji mwongozaji peke yake. Aliyeshona maleba, aliyekaa mlangoni, aliyevuta pazia na mama aliyewapikia waigizaji siku za mazoezi hujua mambo ambayo mwongozaji hakuwahi kuyaona, hasa kuhusu nani aliacha na kwa nini. Wawili wakipingana, andikeni kauli zote mbili na majina yao. Kamati isikae kupiga kura nani ana kumbukumbu nzuri.

Halafu kijitabu, sasa kina cha kusema. Ningependa kurasa zake mbili za mwisho ziwe orodha ya mliyoyakosa, mwaka kwa mwaka: mchezo uliotangazwa bila ushahidi wa kuonyeshwa, picha isiyotambulika, mwigizaji aliyetajwa kwa jina la utani tu, miezi isiyo na hesabu. Karibu na kila pengo wekeni namba yake, na mseme ni siku gani na saa ngapi mtu anaweza kuleta alichonacho, kikanakiliwa mbele yake na kurudishwa mkononi mwake siku ile ile. Watu hawatoi picha ya marehemu baba yao kwa kamati ikae nayo wiki mbili. Watailetea meza yenye skana, kiti na mtu wa kuandika.

Wako,
Mtunza nyaraka za maigizo